Uzi Mwekundu kwenye Nyanya ya Mwisho

Nyumbani Bahati, Jumapili jioni. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kuuma vidole. Nimechukizwa, na sitajifanya nimetulia.

Kwa mbegu za nyanya alizotuachia marehemu Mama, ulikuwa umebaki mche mmoja. Mingine iliungua majani kwa ukungu wa mvua hizi. Mche huo ulikuwa na tunda moja tu lililoiva, pana, lenye mikunjo kama ngumi. Nililifunga uzi mwekundu wa sweta. Kwetu uzi una maana moja: hili ni la mbegu, usiguse. Tumelelewa hivyo.

Leo ndugu yangu Kamau na mkewe Mercy wamekuja chakula cha mchana. Nilitoka kuleta kuni. Kurudi, nikakuta kachumbari mezani.

"Wifi, nyanya yenu ni tamu!" akasema Mercy.

Yeye simlaumu. Aliletewa nyanya mkononi, akakata. Aliyeichuma ni Kamau, na uzi alikuwa ameuzungusha kidoleni akiuchezea.

"Hukuuona huo uzi?"

"Niliuona. Sista, dukani kuna mbegu za kisasa. Wewe kila kitu ni vita!"

Ujinga ningeuvumilia, maana unafundishika. Kinachonichefua ni mtu anayejua, anayefungua fundo kwa vidole vyake mwenyewe, kisha anakuita mgomvi. Na hizo mbegu zake za kisasa! Nyanya ngumu kama mpira, nyekundu nje, ndani hazina ladha. Mbegu zake ukizipanda unavuna vituko, kwa hivyo kila msimu unarudi dukani kuinamisha kichwa. Eti maendeleo.

Mercy alikuwa amezikamua mbegu ili kachumbari isijae maji, akazimwaga kwenye ndoo ya makombo ya nguruwe.

Nikapiga magoti.

Mkono hadi kiwiko. Ugali uliochacha, mafuta yaliyoganda, maganda ya vitunguu. Kamau akasimama mlangoni akicheka.

"Ati sasa unanyang'anyana na nguruwe?"

"Nguruwe hawajui maana ya uzi," nikamwambia. "Wao nimewasamehe."



Sasa mbegu ziko kwenye glasi ya maji dirishani. Nzuri zimezama chini. Ni chache, lakini zipo. Uzi nilimpokonya, nikaufunga kwenye glasi. Kucha zangu bado zinanuka.

Zikiota, nitampa Kamau mche? Leo, hapana. Lakini Mama alituachia sote wawili, na hilo ndilo linalonichukiza kuliko ile ndoo.