Moto Ulizimika Kando ya Ziwa

Alhamisi, 9 Agosti 2007

Nimetoka kazini, nimepika sombe, majani ya muhogo, nimeosha viatu vya Furaha. Kesho tunaenda Wales na watu wa kanisa: kuvuka ziwa kwa mitumbwi, kulala kwenye mahema, kupanda mlima. Furaha, binti yangu, ana miaka kumi na moja, anarukaruka kwenye ngazi. Mimi, nani alinituma kukubali?

Ijumaa, 10 Agosti

Tumefika. Ziwa jeusi. Baridi, na ni Agosti! Dave, kiongozi wetu, mzungu mpole, anasema zamani barafu ilichimba mlima ikaacha shimo kama bakuli, maji yakajaa. Wenzangu wakapiga picha. Mimi nikasikia neno moja tu: shimo.

Tumevuka kwa mtumbwi wa plastiki, napiga kasia huku nasali. Mahema tumeyapiga chini kabisa, kando ya maji. Nyuma yetu kuna kondoo amekufa. Hana jeraha.

Kwetu Goma mahali pa namna hii hatulali. Kuna mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini. Haionekani, inalala mabondeni, inazima moto na pumzi. Mdogo wangu Bahati alishuka bondeni kutafuta mbuzi. Tuliwakuta wote wawili wamekufa. Nimemwambia Dave. Akatabasamu, akasema Wales haina volkeno. Sawa. Naogopa vilevile.

Jumamosi, 11 Agosti

Asubuhi ukungu ulikaa juu ya ziwa. Nikawasha jiko la gesi, moto ukafa. Nikawasha tena. Ukafa. Kwetu moto ukizimika hivyo, unakimbilia juu. Nikapiga kelele wenzangu waamke, nikamvuta Furaha usingizini, bila koti, soksi tu miguuni, nikapanda naye. Analia, anauliza kuna nini. Nilikuwa nimebana pumzi.

Huko juu ukungu ulikuwa mzito zaidi. Njia siioni. Nikazidi kupanda. Mara Furaha akateleza, na chini yake hapakuwa na kitu. Nilimdaka kwa mkono wa fulana. Mawe yalianguka, sikuyasikia yakifika.

Tulikaa tumeshikana mpaka Dave akatufikia, anapuliza filimbi. Gesi ilikuwa imeisha tu. Mtungi mtupu. Chini wenzangu walikuwa wazima, wananitazama. Aibu gani hii. Wakati wa kurudi Furaha alipanda mtumbwi wa Dave, si wangu.

Jumanne, 14 Agosti

Nyumbani, Sparkbrook. Mvua.

Leo nimemsuka Furaha, amekaa chini katikati ya magoti yangu. Siku hizi tatu ananijibu ndiyo na hapana tu. Nikamsimulia habari za Bahati, mara ya kwanza. Alisikiliza yote. Kisha akasema, kwa Kiingereza chake, polepole:

"Mama, mlima haukunitisha. Wewe ndiye uliyenitisha."

Nikaacha kusuka. Nilidhani atainuka aende chumbani kwake. Hakuinuka. Baadaye akageuza kichwa, akanipa upande wa pili niusuke.