Kitufe Chekundu

9 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama umfikishie yake. Mimi mzima, kikohozi kimeondoka, chakula nakula, kwa hiyo Mama asianze. Nyie hamjambo? Goti lako linasemaje?

Nina habari, na nataka uipate kwangu kabla hujaisikia kwa mtu. Yale masomo ya mtandaoni yanayotengenezwa na kampuni yetu yanakuja shuleni kwako, darasa lako lilelile la sita. Kila mtoto atapewa kishikwambi, ile simu pana kama daftari. Somo litaongea na kuchora, na kila kipande kikiisha litauliza kama mtoto ameelewa. Chini kuna vitufe viwili. Cha kijani ni "Nimeelewa", na somo linasonga mbele. Chekundu ni "Sijaelewa". Akikibonyeza, somo linarudiwa polepole kwa mfano mwingine, na sisi huku ofisini tunajua kwamba mtoto huyu anamhitaji mwalimu wake.

Sasa usicheke. Sauti inayouliza ni yangu. Walijaribu watu wengi, wote wakasikika kama wanasoma taarifa ya habari. Nilipokaa mimi mbele ya kipaza sauti, nilishindwa kusema "Je, umeelewa?" kama nilivyoandikiwa. Ikanitoka ya kwako: "Tumeelewana?" Na mwisho wake nikauvuta kama unavyouvuta wewe. Bosi akapiga meza, akasema hiyo hiyo.

Najua barua hii itanirudia ikiwa na wino mwekundu. Nimejitahidi.

Binti yako

3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako alipofika pale pa "asianze", alianza. Anauliza kikohozi kimeondoka kwenda wapi. Goti langu linajua kupanda ngazi, kushuka bado halijajifunza. Mengine salama.

Barua yako nimeirudisha humu ndani. Kosa ni moja: "hiyohiyo" ni neno moja, usilikate.

Vishikwambi vimefika. Fundi aliyevileta alivigawa na kuviwasha, mimi nimesimama pembeni ya darasa langu kama mgeni aliyekosa kiti. Mara sauti yako ikajaa chumba kizima. Nilishika meza. Ulipouliza "Tumeelewana?" watoto wote, bila kuambiwa na mtu, waliitikia "Ndiyooo, mwalimu!" na vidole vyote vikaenda kwenye kijani. Hata Kifutio, yule mtoto wa fundi cherehani anayefuta mpaka karatasi inatoboka, alibonyeza kabla hujamaliza kuuliza.

Mkaguzi wa shule alikuwepo. Anasema shule nyingine nyekundu zimejaa, hapa hata moja. Nikamwambia kwangu hakuna kitu hicho. Wewe mwenyewe ni shahidi.

Nimefurahi, mwanangu, siwezi kuficha. Nilidhani mashine zinakuja kunifukuza, kumbe zimekuja na sauti ya mtoto wangu.

Baba

21 Machi

Baba,

Shikamoo. Mwambie Mama kikohozi kimeenda zake na hakikuacha anwani. Ninyi naamini mko salama.

Darasa lako limebandikwa ukutani hapa ofisini: mstari wa kijani mtupu. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, halafu nikaacha.

Baba, hawajaelewa. Najua kwa sababu nimekaa kwenye madawati hayo. Ulikuwa ukisema, "Asiyeelewa asimame," na aliyesimama alibaki amesimama mpaka kengele. Mimi nilisimama siku moja tu, siku ya sehemu, theluthi na robo. Kuanzia hapo nikawa naelewa kila kitu. Mpaka leo ikiletwa keki ofisini, kisu nampa mtu mwingine.

Waliobuni vitufe hivi wamesoma mahali ambapo mtoto akisema hajaelewa anaambiwa ahsante. Hawajui kwamba kwetu kile chekundu ni utovu wa adabu. Wanaona kijani, wanafurahi, wanaongeza shule.

Na kuna jambo linaloninyima raha. Kwenye kikao wamesema darasa lisilo na nyekundu halihitaji mwalimu. Atatosha mtu wa kuchaji vishikwambi na kufunga mlango. Wataamua mwisho wa Mei. Nilinyoosha mkono nikasema kijani hicho ni cha uoga. Bosi akaniuliza kama ninamaanisha kwamba baba yangu mzazi hajui kufundisha. Nikashusha mkono.

Nakuomba, Baba. Waache wabonyeze nyekundu. Hata wachache.

Binti yako

10 Aprili

Mwanangu,

Mama yako anakusalimu sana. Mimi sijui kama nakusalimu.

Mikononi mwangu wamepita manesi, mahakimu, mafundi umeme, na wewe. Hakuna aliyekufa kwa kusimama. Leo unataka niwafundishe watoto kutangaza, kwa kampuni nzima, kwamba wanachofundishwa hawakielewi? Na mimi nikae hapo mbele nikitabasamu?

Mkaguzi ameniletea cheti. Mama yako ameondoa saa ukutani, ameipeleka jikoni, cheti ndicho kimetundikwa pale. Niende sasa nikamwambie mkaguzi kwamba ulikuwa mchezo wa kuigiza? Anayetaka kuniondoa aniondoe, lakini asiniondoe kwa sababu darasa langu ni bovu.

Barua yako haina kosa la lugha. Kosa lake ni jingine.

Baba

17 Aprili

Baba,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Sitabishana na wewe. Nakuomba ufanye jambo moja tu. Siku moja vifungie vishikwambi kabatini, andika ubaoni nusu ukitoa theluthi, kisha zunguka katikati ya madawati. Usiwaulize kama wameelewa. Tazama daftari tu.

Msalimie Mama. Mwambie nakula.

Binti yako

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na ile ya barua iliyopita uihesabu humuhumu. Mama yako mzima. Nimekawia kukuandikia kwa sababu nilikuwa nimenuna, halafu nilipoacha kununa nikawa naona haya.

Nilifanya ulivyosema. Nilizunguka dawati kwa dawati. Wengi waliandika sifuri. Wengine walichora duara zuri, wakalipaka rangi, wakaishia hapo. Kifutio hakufuta kitu siku hiyo. Mbele ya alama ya sawasawa aliandika, kwa mwandiko niliomfundisha mwenyewe: "Nimeelewa."

Nilitoka nje nikasimama pale kwenye bomba la maji mpaka nikaona ninaweza kurudi.

Nikavitoa vishikwambi kabatini. Nikawaambia, "Leo asiyeelewa abonyeze chekundu. Sitamsimamisha mtu. Sitakasirika." Sauti yako ikauliza. Wakaitikia "Ndiyooo, mwalimu!" Kijani, chumba kizima. Nikarudia kwa upole, na upole wangu ndio ukawatisha zaidi, maana hawajauzoea. Walidhani ni mtego. Nikamwendea Kifutio, nikataka kumbonyezea mimi. Alikifunika kile kitufe kwa viganja vyote viwili, akalia. "Mwalimu, nimeelewa. Haki ya Mungu nimeelewa."

Nimejaribu kila siku tangu hapo. Nikataka kubonyeza chekundu mimi mwenyewe, lakini fundi aliyevileta anasema kishikwambi cha mwalimu hakina vitufe. Nikamwandikia mkaguzi kwamba watoto hawajui kitu. Amejibu kwamba unyenyekevu wangu unajulikana na wote.

Tarehe yenu ya kuamua imefika. Kama kuna mtu wa kuongea naye, ongea naye. Mwambie mwenyewe nimesema.

Baba

16 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui jinsi ya kuuliza hali zenu, kwa sababu ya ninayokuja kuyasema.

Nilikwenda na barua yako mkononi. Nikawaomba angalau nirekodi upya, niulize taratibu, "Nani amekwama? Twende pamoja." Walinikubalia kwa majaribio, kwenye shule moja. Nyekundu zikaanza kutokea, Baba. Watoto wale walianza kusema. Kabla ya jioni sauti ile ikaondolewa. Bosi alisema inavunja watu moyo, na wafadhili wanataka kijani.

Kazi yako inaisha mwisho wa muhula huu. Darasa lako ndilo mfano. Kwa ajili yake masomo haya yanapelekwa kila shule, na kila shule itasikia ile ya kwanza, ya kwako na yangu. Nilisema naacha kazi. Wakanijibu ninaweza kwenda, sauti ni mali ya kampuni. Basi nimebaki, kwa kuwa sijui ninachoweza kuondoka nacho. Nina hasira na sina pa kuipeleka.

Taarifa rasmi itakuja kwenye kishikwambi chako. Itasomwa, na mwishoni utaulizwa, na safari hii na wewe wamekuwekea vitufe viwili. Najua hakuna kitakachobadilika. Lakini bonyeza chekundu, Baba. Iwepo angalau nyekundu moja kutoka chumba kile, niione hapa ukutani.

Na kama kuna kitu kwenye barua hii hakijakaa sawa, niulize. Usininyamazie.

Binti yako

4 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Amerudisha saa ukutani.

Taarifa ilifika siku ya mwisho, watoto wakiwa bado wamekaa. Niliisikiliza yote nimesimama. Ilikuwa sauti yako. Nilikuwa nimeshakusudia, kidole nilikuwa nimekiweka juu ya chekundu. Ulipouliza "Tumeelewana?" watoto wakageuka kunitazama.

Nimeelewa.

Baba