Swali la Mtafiti Kikwe

Mjukuu wangu Elia, mume wangu mdogo,

Marahaba. Huku tu wazima, ng'ombe amezaa, na mama yako anakusalimu.

Unauliza kama utafiti wenu kuhusu maisha ya wakulima unamsaidia yeyote. Ngoja nikusimulie.

Soko huria lilipoingia, kiwanda nilichofanyia kazi mjini kilifungwa, nikarudi hapa kijijini Kikwe kulima peke yangu. Mvua nazo zikachelewa. Siku moja akaja dada mtafiti, akaniuliza, "Mama, siku njema kwako ni ipi?"

Nilitaka kusema ya mvua. Mdomo ukasema, "Ni siku ya kufanya kazi na wenzangu." Nikajishangaa! Kumbe kilichoniuma zaidi ni kukosa vicheko vya wenzangu wa kiwandani.

Kesho yake nikawaita jirani zangu wanawake. Tukachimba mfereji kutoka mtoni, tukapanda nyanya pamoja, tukacheka mpaka wanaume wakaja kuchungulia. Nyanya zikakubali kweli!

Mtafiti aliporudi na maswali mapya, nikamwambia, "Leo hatujibu, tunavuna." Akacheka, akavua viatu, akaingia shambani.

Bibi yako, anayekungoja Krismasi.