Msuko Wetu Kwenye Mteremko wa Kanisa

Mpendwa Shangazi Mengia,

Nina siku kumi na moja za ndoa, na kabla sijamwaga shida yangu naomba uniache niseme kwamba nina furaha ambayo sikujua moyo wa mtu unaweza kuibeba, maana hata sasa hivi Curdin wangu yuko juu ya paa anaondoa theluji kwa koleo, na anaimba kwa sauti kubwa makusudi ili nimsikie huku jikoni.

Wewe ni wa bonde hili, unajua kwamba asubuhi ya harusi maharusi hupanda mteremko wa kanisa na kuteleza kushuka thelujini kwa skii wakipishana, huyu kushoto yule kulia, mpaka alama zao zisukane kama nywele na kijiji kizima kiuone msuko wao madirishani. Sisi tulinyimwa. Upepo ulikuwa mkali, na baba mkwe, Jachen, ambaye ndiye mkuu wa waongozaji wa wageni milimani, akatangaza kwamba theluji ya juu imerundikwa na upepo na inaweza kukatika na kuporomoka, kwa hiyo kila mtu ashuke peke yake na mwenzake asubiri mpaka afike chini. Nililia ndani ya shela.

Basi Jumapili, watu wakiwa kanisani na amri haijaondolewa, Curdin akaniambia, "Mke wangu, mimi ni mwongozaji, nimeupima mteremko, umetulia. Twende tukachukue chetu." Nami niliyejua skii kabla ya kusoma sikubisha, tukashuka pamoja, Shangazi, zamu thelathini na mbili bila kukosea hata moja, na nilidhani nitapasuka kwa raha.

Baba mkwe aliuona msuko akitoka kanisani. Wageni wetu Odile na Lambert walikuwa wamerudi na skii zao muda huohuo, kwa hiyo akadhani ni wao, hakuuliza. Nilikuwa nimeshika bakuli la supu ya shayiri alipokwenda kusimama mbele yao mezani.

"Miaka ishirini na miwili nawapandisha milima hii, leo mnanifanyia utoto?"

Odile akacheka. "Jachen, ndugu yangu, ningekuwa na magoti ya kusuka vile ningekukimbia mpaka Italia!"

"Sitanii, mama. Jumamosi siwapeleki."

Odile akaweka kijiko chini. Machi magoti yake yanapasuliwa, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya kushuka Mfereji wa Kunguru, lile korongo la juu mlimani, ambao ameusubiri miaka sita theluji ikubali, na hatapata msimu mwingine.

Curdin ananiambia, "Nyamaza, mpenzi. Ijumaa theluji mpya itaufunika msuko wetu, Baba atasahau. Akijua, hanipi wageni msimu huu, na ndio msimu wangu wa kwanza." Nampenda hata anapoogopa. Lakini kila asubuhi kahawa yangu inapoa nikiutazama msuko wetu dirishani, na leo Odile ameniuliza mimi kama nimekula. Je, nimsaliti mume wangu wa siku kumi na moja?

Bibi Harusi wa Dirishani

*

Bibi Harusi,

Hongera. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikitabasamu.

Mwanafunzi wa skii angefanya mliyofanya, ningemwita mjinga na kumwonea huruma. Nyinyi ni mafundi, mwanangu, na mmoja wenu anakabidhiwa roho za watu. Amri ya kushuka mmoja mmoja haikutungwa kuwachukia wapenzi. Ipo ili theluji ikikatika na kumfukia mmoja, abaki mtu wa kumfukua. Jumapili ile ingekatika, nani angewafukua? Mchungaji alikuwa bado kwenye zaburi ya kwanza.

Unauliza kama umsaliti mumeo. Achana na neno hilo, linakupotezea muda. Anayeonewa nyumbani kwenu ni mwanamke mwenye magoti mabovu, anayelaumiwa kwa furaha yako na bado anakuuliza kama umekula. Na Curdin akianza kazi kwa kuwaachia wageni kosa lake, hao wageni atawaongoza wapi?

Nakutumia jibu hili leo Alhamisi kwa basi la posta, upate kabla ya chakula cha mchana. Mshike mkono umshushe huko paani. Nendeni wote wawili kwenye meza ileile, Odile na Lambert wakiwepo, si kumvizia mzee ghalani. Curdin aanze, maana yeye ndiye mwongozaji: aseme nini alifanya, kisha aseme mwenyewe kwamba msimu huu hapeleki wageni, asingoje kuambiwa. Wewe usimtetee. Sema ulijua na ulikwenda. Jachen atapiga kelele. Mwache apige. Theluji ikiruhusu Jumamosi, wewe utambebea Odile mkoba mpaka mdomoni mwa Mfereji, na ukitaka kulia kwa furaha, lilia huko.

Majina yenu nimeyabadilisha, lakini gazeti linatoka Jumamosi, na bonde hili lina msuko mmoja tu mwaka huu. Jachen asije akaisoma habari hii hapa kwanza.

Msuko wenu nimeuona nikipita kwa basi. Ni mzuri, kusema kweli ni mzuri kuliko wangu. Kwa hiyo msingoje Ijumaa. Nendeni ungali unaonekana dirishani, ili mkisema "ule ni wetu" muunyooshee kidole.