Vazi Kavu Nililolichagua Mimi

Mpendwa Atupele, binti wa kaka yangu,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa. Marahaba.

Ninakuandikia nikiwa Guangzhou, katika nyumba ileile ya wageni karibu na Barabara ya Zhanqian, ambako uliwahi kulala sakafuni siku nane kwa sababu kitanda kilikuwa kimoja na hukukubali shangazi yako alale chini. Barua hii haitakufikia kwa bahasha. Nimemwomba mhariri wa jarida la usharika wetu kule Tukuyu aichapishe, kisha wakutumie nakala huko kaskazini mwa China uliko. Nataka isomwe kwanza na watu walewale ambao nimewasimulia habari zako kifua mbele, kwa kuwa habari niliyowasimulia ilipungukiwa na sehemu moja. Sehemu hiyo ni yangu.

Unayakumbuka majira ya baridi yale, baada ya Hong Kong kurudishwa China. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu mkuu na nimekuja kwa mara ya tatu kununua masweta na makoti, maana watu wa Tukuyu hawahitaji kufundishwa baridi ni nini. Wewe ulikuwa mwaka wa tatu chuoni, ukisomea ujenzi wa bandari kwa ufadhili. Ulipofika China hukujua kuogelea. Uliniandikia kwamba ukiwa na umri wa miaka ishirini ulifundishwa katika bwawa la chuo pamoja na watoto wa walimu, wenye umri wa miaka sita, na kwamba walikucheka kwa Kichina ambacho ulikuwa hujakielewa bado, jambo ulilolihesabu kuwa rehema. Nilisahihisha makosa mawili katika barua ile nikakurudishia, kama ilivyokuwa desturi yangu. Sikukuambia kwamba niliisoma mara nne.

Kisha ukachaguliwa. Mwalimu wenu wa kuzamia, Bwana Luo, alitaka wanafunzi sita wa kwenda naye kwenye bandari ya kaskazini kukagua nguzo za gati chini ya maji, wakati ukingo wa bahari umeganda. Ulikuwa msichana pekee na mgeni pekee. Sharti lilikuwa moja: kila mmoja awe na vazi kavu linalomkaa sawasawa, na kulijaribu bwawani mbele ya mwalimu huyo. Mavazi ya chuo yalikuwa yamekatwa kwa ajili ya watu wafupi. Ulipovaa lililo kubwa kuliko yote hukuweza kuchuchumaa, kwa sababu ya miguu hii mirefu ya ukoo wetu. Ukaja kwangu, ukasema, "Shangazi, wewe unajua nguo."

Nilijivunia maneno hayo kupita kiasi. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Duka lilikuwa karibu na mto, la mzee mmoja aliyeuza vifaa vya wazamiaji vilivyokwisha kutumika. Njiani ulinifundisha, nami nilisikiliza kama mwanafunzi, jambo ambalo sikulizoea. Liko vazi linaloruhusu maji kidogo yaingie, mwili ukayapasha joto. Hilo linafaa kwa bahari ya kwetu. Vazi kavu halitakiwi kuingiza hata tone. Lina viatu vyake vilivyoungwa miguuni, lina mpira mwembamba unaobana shingo na vifundo vya mikono, na lina zipu nzito inayopita mgongoni kutoka bega hadi bega. Kifuani pana kitufe cha kuingiza hewa kutoka kwenye mtungi, na kwenye mkono wa kushoto pana vali ya kuitoa. Joto haliletwi na vazi lenyewe, bali na nguo za ndani pamoja na hewa kidogo inayotunzwa humo. Ulilisisitiza neno "kidogo". Ninalikumbuka.

Mzee alikuwa na mavazi mawili marefu. La kwanza lilikuwa jeusi lenye mabega mekundu. Ulilivaa juu ya nguo za ndani za manyoya, ukachuchumaa, ukainua mikono, ukajikumbatia hadi vidole vikagusa mabega ya upande wa pili. Vazi likakufuata. Ukasema, "Hili, Shangazi."

La pili lilikuwa la buluu, la mwanamume mnene. Nililigeuza ndani nje kama ninavyogeuza koti kule masoko ya Liuhua, nikavuta mishono, nikakagua utepe uliobandikwa juu yake, nikaona ni imara kuliko lile jeusi. Nikakuambia kwamba jeusi linakubana. Kwamba nguo isiyo na nafasi ni nguo ya mwaka mmoja. Kwamba kwa miaka thelathini nimewashauri wazazi wanunue sare kubwa kidogo, mtoto aikulie. Ulikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Ulikuwa umekwisha kukua. Lakini shangazi alikuwa amesema, nawe ukainamisha kichwa, tukalinunua la buluu.

Siku ya jaribio nilikaa kwenye benchi kando ya bwawa pamoja na rafiki yako Mwanaidi, binti wa Tanga anayesomea udaktari hapa. Uliingia majini vizuri, ukazama. Kisha ukageuka kutazama upande wa pili wa bwawa, kichwa kikashuka kidogo, na hewa yote iliyokuwa ikizurura katika vazi lile pana ikakimbilia miguuni. Niliona nyayo mbili za buluu zikipanda, zimevimba kama maboga, nawe uko chini yake, kichwa kikielekea sakafu ya bwawa. Vali ya kutolea hewa ilikuwa chini na hewa ilikuwa juu. Mwanaidi alinishika mkono. Nadhani ni mimi niliyemshika. Ulikunja magoti kifuani ukajaribu kujiviringisha kama mlivyofundishwa, lakini hewa ilikuwa nyingi mno, na mguu wako mmoja ulikuwa umekwisha kuchomoka katika kiatu chake. Bwana Luo akajitosa, akakugeuza, akakupandisha.

Alisema maneno mengi bila kupaza sauti, na Mwanaidi alinitafsiria kwa kunong'ona. Alisema kwamba mtu akichagua vibaya nchi kavu, ambako ana muda wa kufikiri, atachagua vibaya zaidi majini, ambako hana. Kisha akauliza ni nani aliyelichagua vazi lile. Swali hilo nililielewa kabla halijatafsiriwa, kwa sababu alikuwa amelishika vazi begani na kulivuta hadi likasimama peke yake kama hema. Nawe, maji yakikudondoka kwenye nywele, ulijibu kwa neno la Kichina ambalo hata mimi ninalijua: "Wo." Mimi.

Nilikaa kimya. Mwalimu mkuu, aliyewaadhibu wanafunzi kwa kumwacha mwenzao abebe kosa lao, alikaa kimya kwenye benchi na mkoba wake magotini. Bwana Luo alikupa siku nane za kulirekebisha vazi. Akasema hata ukifaulu itambidi afikiri kama anaweza kumpeleka kwenye barafu mtu mwenye uamuzi wa namna ile.

Tuliporudi kwa yule mzee, vazi jeusi lilikuwa limekwisha kuuzwa. Kwa hiyo tukaenda Kangle, mtaa wa washonaji, kwa mama aliyekuwa akinishonea makoti ya mvua. Wateja wote tulimwita Laoban, yaani bosi, na hata mumewe alimwita hivyo. Aliliinua vazi la buluu kwa mikono miwili, akalitazama, akakutazama wewe, akauliza, "Na tembo mwenyewe yuko wapi?" Ulinitafsiria bila kucheka, nami sikukulaumu ulipocheka baadaye.

Alitaka kukupima umesimama. Ukakataa, ukamwambia akupime umevaa nguo za ndani, umechuchumaa, na tena umeinua mikono, kwa maana majini hakuna asimamaye kama askari. Akapunguza ubavuni na miguuni, akashona, akapaka gundi, akabandika utepe wa mpira kwa mashine yake ya makoti ya mvua. Ilipofika zamu ya kutafuta mahali panapovuja, alikuwa tayari kulijaza maji na kungoja. Hapo ndipo nilipoweza kusaidia. Niliomba chupa mbili za soda na mpira wa watoto. Chupa nikazibia mikono, mpira nikazibia shingo, tukalijaza hewa kwa pampu ya baiskeli kupitia kipande cha bomba alichokiunga kifuani, nami nikapaka povu la sabuni kwenye kila mshono, kama marehemu baba yako alivyozoea kutafuta tundu la tairi barazani. Mapovu yakatokea mahali patatu. Yule mama akapawekea alama ya chaki, akarudia gundi, kisha akaninyooshea kidole mbele ya washonaji wake wote akasema, "Laoban." Wakacheka. Nilijiona nimepandishwa cheo.

Bado palikuwa na nywele. Ulinieleza kwamba unywele mmoja tu ukipita chini ya mpira wa shingo, maji hupata njia. Nami ndiye niliyekusuka zile ndefu zilizokuangukia kisogoni. Jumapili baada ya ibada nilizifumua zote, nikakusuka upya mistari ya kwenda juu, ikakutana utosini, shingo ikabaki tupu. Ukapaka poda kwenye mipira ili isichanike wakati wa kuvaa, ukasugua nta ya mshumaa kwenye meno ya zipu, ukanigeuzia mgongo.

"Mzamiaji hawezi kujifungia hii mwenyewe," ukasema. "Anayemfungia hupitisha kidole kwenye meno yote hadi mwisho, kisha husema kwamba imefungwa. Asiposema, Shangazi, siingii majini."

Siku ya nane nilikufungia mimi. Nilipitisha kidole kutoka bega la kushoto hadi la kulia, sikuruka jino hata moja. Bwana Luo alikuwa amesimama karibu, na Mwanaidi nyuma yake. Ulingoja, kisha ukaniambia, "Sema, Shangazi."

Nikakujibu kwamba nina neno jingine la kulitanguliza. Nikasema, "Mwambie mwalimu wako kwamba vazi hili nililichagua mimi. Wewe ulichagua lile jeusi, na ulikuwa sahihi."

Ulimgeukia. Kisha ukamwambia maneno ya Kichina, mafupi kuliko nilivyotarajia. Bwana Luo aliniinamia kichwa kwa heshima kubwa, akatabasamu. Nikahisi mzigo umenitoka mabegani. Ndipo niliposema, "Imefungwa."

Sitasahau nilichokiona siku ile. Ulishuka ukitia hewa kidogokidogo, kama mtu anayeonja chumvi. Ulilala katikati ya maji, si juu, si chini, umenyooka kama rula. Uliinua kiwiko cha kushoto, mapovu yakatoka, ukashuka tena kwa kadiri uliyotaka. Na mwisho, bila ya kuamriwa, ulijigeuza kichwa chini kwa makusudi mbele ya macho ya mwalimu wako, ukakunja magoti, ukaviringika, ukarudi sawa. Ulipotoka, Bwana Luo alikupenyeza vidole chini ya mpira wa mkono, akagusa nguo ya ndani, akavitazama vidole vyake. Vilikuwa vikavu. Mlikwenda sita.

Barua yako ya kwanza kutoka kaskazini ilisema kwamba barafu ilikuwa ikigonga nguzo za gati, na kwamba ulitoka majini mkavu, isipokuwa kifundo cha mkono wa kushoto. Ilikuwa na kosa moja la sarufi. Sikulisahihisha.

Sasa umehitimu, na bandari ileile imekuajiri. Vazi unalovaa leo limekatwa kwa vipimo vyako, umechuchumaa. Haya yote nimeyasimulia usharikani, sokoni na katika vikao vya ukoo, na kila mara nilimaliza kwa kusema kwamba mimi nami nilikiri kosa langu pale bwawani. Niliamini hivyo hadi juma lililopita.

Juma lililopita nilikutana na Mwanaidi hapa Zhanqian, tukanywa chai, tukakukumbuka. Nikamwambia jinsi nilivyofarijika siku ile kusema ukweli mbele ya Bwana Luo. Alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Shangazi," akasema, "hakutafsiri hivyo." Alikuwapo, alisikia. Ulichomwambia mwalimu wako ni kwamba shangazi yako anasikitika kwa kutojua Kichina, na anamwomba akutunze. Mwanaidi alikuuliza baadaye kwa nini ulifanya vile. Ulimjibu kwamba shangazi yako haombi radhi mbele ya watu, na wewe hukutaka aanzie mbele ya wageni.

Kwa hiyo ulizama siku ile umevaa mkanda wako wa vipande vya risasi, ule unaompa mzamiaji uzito wa kuzama, na juu yake umebeba kosa langu, na hata hivyo ulilala majini umenyooka. Kisha ulikwenda kaskazini na mwalimu aliyedhani kwamba huwezi kuchagua hata nguo, ukamfanya akuamini kwa kazi yako tu. Nimefundisha watoto wengi, Atupele. Sijapata kumfundisha yeyote jambo hilo, na wewe hukulipata kwangu.

Basi ninaomba radhi mbele ya watu, na wala si wageni: ni usharika mzima wa Tukuyu, wanaonijua tangu nilipokuwa nikiwakagua kucha. Ninasema kwa Kiswahili, ambacho hapa hakihitaji mtafsiri. Vazi la buluu nililichagua mimi. Atupele alichagua jeusi. Alikuwa sahihi, nami nilinyamaza.

Nakala yako ikifika, msomee Bwana Luo kwa Kichina, neno kwa neno. Safari hii usinifupishe.

Ukae salama, mwanangu. Kila unapogeuza mgongo ufungiwe zipu, usiingie majini kabla anayekufungia hajasema. Mimi nimechelewa, lakini nimesema.

Ni mimi, dada wa baba yako,
Shangazi