Nyama Kwenye Friji ya Gari

Roret, 6 Julai 2024

Mama Rebeccah,

Chamgei, mama. Goti linaendeleaje? Natumaini zile dawa zimelikubali. Mimi ni mzima, ila vidole vimejaa michubuko. Barua nimempa dereva aiache kwa duka la Mokaya hapo Londiani, kwa kuwa masikio yako na simu walishaachana.

Habari kubwa ni gari. Mimi na Phelix Masese, fundi wa mbao ambaye banda lake limepakana na langu, tumenunua Land Cruiser ya zamani. Tunaitengeneza iwe ya kukodishia watu wanaopenda kwenda kulala msituni na mbugani. Phelix amejenga droo mbili ndefu za plaiwudi huko nyuma, moja ya sufuria na jiko la gesi, nyingine ya chakula. Juu ya droo tumeweka friji ndogo inayotumia umeme wa gari. Kazi ya umeme ni yangu. Nimefunga betri ya pili, ili friji ikinyonya usiku kucha, ile betri ya kuwashia gari isiguswe.

Lakini imenishinda. Kila kukicha naikuta friji imezima. Juzi maziwa yalichacha, Phelix akaniambia, "Joab Ouko, hii umejenga kabati ya kuharibia maziwa."

Tukimaliza tungependa kuijaribu huko kwenu, ukingoni mwa msitu. Utaturuhusu? Nisalimie ndugu yangu Kipngeno, na mkewe Chepkurui.

Mwanao,
Joab

*

Londiani, 17 Julai 2024

Mwanangu Joab,

Chamgei mising. Goti liko, linanitabiria mvua. Hapa sote tunapumua, na viazi vimefanya vizuri.

Unaomba ruhusa ya nini? Tangu marehemu mama yako Beldina alipokuacha mlangoni kwangu, kwenye zile nyumba za laini za wafanyakazi wa shamba la chai, ulikula sufuria moja na Kipngeno na kupigwa kwa fimbo moja. Hapa ni kwenu.

Lakini ujue mnakuja wakati mbaya. Wezi wa ng'ombe wamerudi. Siku hizi hawaswagi. Wanachinja hapo hapo malishoni, wanapakia nyama kwenye gari, wanakuachia kichwa na matumbo. Mlinzi wa jirani yetu walimkata mkono begani, akaishiwa damu kabla hajafikishwa barabarani. Sasa vijana wameanzisha doria, na Kipngeno yumo. Wiki iliyopita walimshika mtu sokoni wakampiga mpaka jicho likatoka. Baadaye ikajulikana anauza ngozi kihalali, na ana karatasi zake. Nilimwambia Kipngeno, "Hiyo si kazi yako." Akanijibu, "Mama, wewe hujawahi kuamka ukakuta kichwa cha ng'ombe wako."

Njooni mchana, mpitie kwangu kwanza. Nina kondoo dume aliyenona. Tutaona kama friji yako inaweza kutunza nyama.

Mama yako,
Rebeccah

*

Roret, 11 Agosti 2024

Mama,

Pokea salamu za upendo. Leo nina furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu.

Shida ilikuwa waya. Nilikuwa nimetumia mwembamba, umeme ukifika nyuma umeshachoka, friji inadhani betri imekwisha, inajizima. Nimetoa nikaweka mnene, na fyuzi hapo karibu na betri, ili waya ukichubuka tusiungue. Na Phelix naye alikuwa ameifungia friji kwenye boksi lisilo na hewa. Nilimwambia hata wewe ukifungiwa hivyo utatoa jasho. Ametoboa matundu pande zote. Juu ya paa nimefunga paneli ya sola. Friji yenyewe tumeishika kwa bolti mpaka kwenye chuma cha gari, maana dereva akikanyaga breki ghafla itamrukia kisogoni. Sasa maji yanakuwa barafu.

Dada yake Phelix, Molly, ametushonea mapazia ya madirisha. Phelix amemwambia safari ya pili atambeba yeye.

Tutafika Ijumaa mchana. Usimwambie Kipngeno. Nataka nimshtukize.

Mwanao,
Joab

*

Kericho, hospitalini, 27 Agosti 2024

Mwanangu,

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Umelala, na daktari hataki uamshwe. Nitamwachia nesi hii barua ili ukiamka usome, kwa sababu kila ukifungua macho unamwita Phelix.

Phelix hayuko tena. Alifia kwenye pikapu tulipokuwa tunawakimbiza hospitali, kichwa chake mapajani mwangu. Molly alikuja na watu wao wakamchukua. Amezikwa jana.

Hiyo Jumamosi asubuhi nilikuwa nakamua. Nikaona watu wanakimbia na rungu, na kwa masikio haya yangu nduru ilinifikia kwa mbali kama ya mbwa. Kisha nikaona moshi. Nilikuja kwa hili goti hadi mlipokuwa mmepiga hema. Gari lilikuwa linawaka, droo zinapasuka. Nyama imemwagwa kwenye majani, watu wanaikanyaga. Na Kipngeno alikuwa amekulalia kifudifudi, bega limefunguliwa na panga, anapiga kelele kwamba wewe ni ndugu yake.

Niliwaambia, "Hiyo nyama ni ya kondoo wangu. Amechinjwa jana uani kwangu. Njooni muone ngozi." Hakuna aliyeniangalia. Waliondoka mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kanisani.

Kumbe usiku huo ng'ombe wa Kipngeno, yule mwenye mimba, alikuwa ameibiwa. Kipngeno alikuwa ametoka Nakuru kuuza viazi, akafikia kwenye nduru hata kabla hajaingia nyumbani. Hakujua mpo. Anasema alimkuta Phelix ameshaanguka, akaona wanakugeukia wewe, akakutambua. Joab, Mungu ndiye alimleta. Nimepoteza usingizi lakini hilo nashukuru, kwamba mkono wa mwanangu mmoja ulimwokoa mwingine.

Mama yako,
Rebeccah

*

Roret, 22 Septemba 2024

Mama,

Salamu. Nimetoka hospitali. Naandika kwa mkono wa kushoto, uvumilie mwandiko. Taya imefungwa waya, nakunywa uji kwa mrija.

Asante kwa kunikalia pale. Mwambie Kipngeno nimeshukuru kwa bega lake.

Polisi walikuja. Niliwaambia kichwa bado hakijakusanyika. Molly pia alikuja, akasimama mlangoni mwa banda la kaka yake, akaniuliza nani alimpiga. Nikamwambia walikuwa wengi.

Joab

*

Londiani, 9 Oktoba 2024

Mwanangu,

Chamgei. Taya inafunguka? Nimekutumia mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu kidogo. Hiyo haihitaji kutafunwa.

Barua yako ilikuwa fupi. Ulipokuwa mtoto ukivunja kitu ulikuwa unajibu maneno machache hivyo hivyo. Nimeisoma mara nyingi.

Kipngeno hali chakula mezani tena. Anakula akiwa amesimama, anaangalia nje. Usiku mmoja Chepkurui alimgusa kumwamsha, naye akamshika koo mpaka mtoto akalia. Nimemuuliza, anasema ni kidonda kinamsumbua. Kidonda kimepona, nimekiona.

Wewe ulikuwepo. Nani alimpiga Phelix? Usinionee huruma. Mimi ni mzee, lakini si yai.

Mama yako,
Rebeccah

*

Roret, 24 Oktoba 2024

Mama yangu,

Nakusalimu nikiwa na moyo mzito. Mursik ilifika na nimeinywa yote.

Umeniuliza, nitakujibu. Ketisha mwili kwanza.

Tuliamka kukiwa na ukungu, huoni hatua kumi mbele. Friji ilikuwa imefanya kazi usiku wote na nyama yako ilikuwa baridi kabisa. Phelix alivuta droo, akaweka ubao, akaanza kukata nyama ya kukaanga. Alikuwa anapiga mluzi. Mimi nilikuwa chini ya gari nikikaza waya mmoja.

Niliona miguu kwanza. Gumboots, viatu vya raba, miguu mitupu, mingi, imelizunguka gari. Sauti ikauliza, "Hii nyama ya nani?" Phelix akasema, "Karibuni. Ni kondoo, tumepewa na Mama Rebeccah." Mwingine akasema, "Rebeccah yupi? Wewe lugha yako si ya hapa." Mwingine alikuwa amefungua friji, akaita, "Tazameni, wana mpaka friji. Ndiyo maana nyama yao haiozi njiani." Phelix akaanza kueleza juu ya watalii, kukodisha, betri. Alikuwa na kisu mkononi, mama. Hakukumbuka kukiweka chini. Kila alipoeleza alikuwa anakielekeza kwa gari, kwa friji, kwa msitu.

Jiwe la kwanza lilivunja kioo. Nilivutwa kwa miguu kutoka chini ya gari, nikapigwa mdomoni kwa kitu cha chuma na nikasikia meno yakimwagika. Nikiwa chini nilimwona Kipngeno. Alitoka kwenye ukungu mbio, anatokwa na jasho, analia. Analia kabisa. Alisema, "Alikuwa na ndama tumboni." Akampiga Phelix na rungu kando ya kichwa, mara moja, kwa mikono miwili. Phelix aliangukia kwenye droo, kisha akateleza chini. Hakuna mwingine aliyekuwa amemgusa. Baada ya hapo ndipo wengine wakamfikia.

Nikaita, "Kipngeno, ni mimi, Joab." Aligeuka. Sijui kama utaelewa nikisema ule uso. Alitupa rungu akaniangukia. Panga lililokuwa linakuja shingoni kwangu likampata yeye. Walimpiga mateke, wakamwambia atoke, wakamwambia watatuchoma pamoja. Hakutoka. Aliniambia sikioni, "Usilale, Joab, usilale," mpaka wewe ulipofika.

Hayo yote mawili ni kweli, na yalifanywa na mtu mmoja kwa wakati usiofika hata wa kuchemsha chai.

Sijawaambia polisi. Nitawaambia Jumatatu ijayo. Pia nitawataja wale wengine wawili niliowatambua, aliyemwaga petroli na mwenye panga. Najua ninachokifanya nikikuambia mapema hivi. Msitu uko nyuma ya nyumba yenu na Kipngeno anaujua. Lakini sikutaka uyasikie kutoka kwa polisi.

Mwanao, kama bado,
Joab

*

Roret, 15 Februari 2025

Mama,

Niliandika Novemba, nikaandika Krismasi. Mokaya anasema barua zote ulizichukua dukani mwenyewe, kwa hivyo najua uko hai. Naomba goti lisikusumbue na baridi hii.

Polisi waliniambia walipokuja kwenu ile Jumatatu walimkuta Kipngeno ameketi kwenye gogo nje ya jiko lako, amevaa koti, anawangoja. Aliwapa mikono. Sijui ulimwambia nini.

Keshokutwa nasimama kizimbani kutoa ushahidi huko Kericho. Molly alikuja jana, akasema, "Sema alimpiga. Hayo ya kukulalia usiyaseme, watamwonea huruma." Wiki iliyopita Chepkurui alikuja na mtoto mgongoni, akasema, "Sema alikuokoa. Hilo lingine kulikuwa na ukungu, hukuona." Wote wawili niliwapa chai, na wote wawili hawakuinywa.

Nitasema yote mawili. Nikisema moja tu, nitakuwa nimemuua mmoja wao mara ya pili.

Joab

*

Londiani, 21 Juni 2025

Joab,

Salamu. Mimi nipo. Jaji alisoma hukumu juzi, nawe hukuwepo, kwa hivyo naona ni haki usikie kwangu kama mimi nilivyosikia kwako. Ni miaka saba. Kuua bila kukusudia. Jaji alisema bega lake lilimpunguzia. Wale wawili uliowataja bado hawajaonekana.

Uliuliza nilimwambia nini. Nilimwita jikoni, nikafunga mlango, nikamuuliza kama ni yeye. Akaniambia, "Mama, nilidhani ni wao." Nikamwambia hilo silo nililomuuliza. Aliupiga teke mlango ukang'oka bawaba, akaenda zake msituni. Nilimwacha aende. Sikumkimbilia, wala sikumfichia chakula. Jumatatu alfajiri nikamkuta amerudi, ameketi kwenye lile gogo, ameloa umande. Nilimletea koti lake. Nilikaa naye mpaka gari la polisi likaonekana.

Jamaa za wale wawili waling'oa viazi vyangu vyote vikiwa bado vidogo. Walimkatakata mbwa wakamtundika kwenye lango. Chepkurui amerudi kwao na mtoto. Alipokuwa anaondoka aliniambia, "Umemuuza mtoto wako kwa ajili ya mtoto wa Mjaluo uliyemlea."

Siku ya hukumu, Molly alinifuata kwenye ngazi za korti. Nilidhani anakuja kunipiga, nikavua miwani. Akaniuliza kama kaka yake alisema kitu chochote kwenye pikapu. Nikamwambia alisema anasikia baridi, na nikamfunika na leso yangu ya kujitanda, na hakusema tena. Aliketi hapo hapo kwenye ngazi. Nami nikaketi. Watu wakawa wanatupita.

Sikulaumu. Nimejitafuta ndani nione kama nakulaumu, sijaona. Lakini nikikuona wewe nitamwona Kipngeno kando yako, wote wawili mmeshika kijiko kwenye sufuria yangu, na hilo sina nguvu nalo kwa sasa. Usije bado. Nitakuandikia siku ya kuja.

Na kama siku hiyo itachelewa, endelea kuandika. Ninazisoma.

Mama