Biki Chini Kwenye Nukta

Yaya, dada yangu mkubwa,

Ni mimi, Furaha. Ufunguo wa ukumbi wa parokia hapa Mapendo bado ninao. Padri ameniuliza, kwa upole, kama darasa lako la Kiingereza linaendelea, maana wanakwaya wanautaka ukumbi. Nimemwomba anisubiri mpaka Jumamosi. Sijui nitamjibu nini.

Tangu ile homa ikuchukue na tukuzike, wanafunzi hawajaacha kuja. Hilo ndilo linaloniumiza. Wangetawanyika, ningelia nyumbani nikanyamaza. Lakini Papa Jules anaegesha pikipiki yake mlangoni vilevile, na Mama Riziki anatembea kutoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, daftari ndani ya mfuko wa plastiki, halafu wananitazama mimi. Mimi, Yaya. Wewe mwenyewe ulikuwa unanicheka. Kifaransa kimenikaa mkononi: kila nikiandika swali la Kiingereza, naiacha alama ya kuuliza mbali na neno, kama tulivyozoeshwa shuleni. Ulikuwa unaizungushia wino mwekundu na kusema, "We mutoto, kwa Kiingereza hii haina chumba yake. Ikae na wenzake."

Na mkato ndio usiseme. Nautia ovyo, kama mtu anayetia chumvi bila kuonja. Wewe ulijua pa kuuweka kwa sikio tu. Sikukuuliza unasikia nini. Nilidhani utakuwepo siku zote.

Jumamosi iliyopita nilijaribu imla. Nikasoma sentensi ya kwanza, na nilipofika kwenye nukta wote wakaweka kalamu zao za biki chini, wakapumua. Unakumbuka desturi hiyo ilivyoanza? Mama Riziki alikuandikia ukurasa mzima wa Kiingereza, habari ya siku waliyokimbia kijijini kwao, bila nukta hata moja, mbio toka mwanzo mpaka mwisho. Hukumsahihisha. Ulimshika mkono ukamwambia, "Weka biki chini, Mama. Pumua. Hakuna mutu anakufukuza." Tangu siku ile, darasa zima, kila nukta, biki chini.

Basi wakasubiri nianze sentensi ya pili. Nilikuwa naiona pale kwenye karatasi, kwa mwandiko wako, na sauti haikutoka. Nilisimama nimeishika karatasi. Mama Riziki akainuka, akaichukua mkononi mwangu, akaiweka mezani. Akaniambia, "Pumua, mutoto yangu. Hakuna mutu anakufukuza."

Nikalia mbele yao wote. Hakuna aliyegusa biki yake mpaka nilipomaliza.

Lala salama, Yaya. Siwezi kukuahidi kwamba nitaliweza darasa lako. Ulichokuwa nacho mimi sina, na wa kumuuliza simwoni. Ninaloweza kukuahidi ni dogo. Jumamosi nitafungua mlango kabla padri hajafika, na ile sentensi ya pili nitaisoma, mpaka kwenye nukta yake.

Mdogo wako,
Furaha